Mgeni wa Bima na Makochi ya Watu

Asubuhi katika nyumba ya Fundi, watu walitoka nje kwa kuruka makochi.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kikubwa, kimegawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na godoro, jiko na nguo. Mbele ya pazia kulikuwa na makochi, yamebanana hadi mlangoni. Mtu aliyetaka kutoka alipanda kochi la kwanza, akapita juu ya la pili, akashukia penye ndoo ya maji. Mapacha wa miaka sita, mabinti wawili wasiotulia, waliipenda sana njia hiyo. Mama yao hakuipenda hata kidogo.

"Shukeni hapo! Hayo ni makochi ya watu!" alipiga kelele kila siku.

Na kweli yalikuwa ya watu. Baba yao alikuwa fundi wa kukarabati makochi. Watu walimletea makochi yaliyobonyea, yaliyochanika, yaliyotoa springi nje. Yeye aliondoa kitambaa cha zamani, akakaza fremu kwa misumari, akaweka sponji mpya, kisha akavisha kitambaa kipya. Kochi lililoingia likiwa hoi lilitoka likiwa bi harusi. Mtaa mzima walimwita Fundi. Mkewe walimwita Mama Pacha.

Zamani makochi yalikaa katika banda la nje. Mvua zilipoanza, bati likavuja. Kitambaa cha mteja kikilowa, hasara ni ya fundi. Ndiyo maana makochi yaliingia ndani, na familia ikasogea nyuma ya pazia.

Fundi alikuwa mtu wa kujikaza. Ukimuuliza habari, atakwambia nzuri. Ukimuuliza kazi, atakwambia inakwenda. Mwezi mzima upite bila mteja hata mmoja, bado kazi inakwenda. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika, na yeye mwenyewe aliona hiyo ni sifa.

Lakini Fundi alikuwa na siri, na siri hiyo ilikuwa kwenye kinena chake. Uvimbe ulikuwa umetokea hapo. Akinyanyua kochi, unatokeza. Akilala chali, unarudi ndani. Mwanzo ulikuwa mdogo, baadaye ukakua. Hakumwambia mtu. Mahali penyewe si pa kuonyesha watu! Badala yake alijitengenezea dawa ya kifundi. Alichukua mkanda wa mpira, ule unaofungwa chini ya mito ya kochi, akajikaza nao kiunoni chini ya suruali.

Mama Pacha aliukuta mkanda huo ndani ya suruali ya mumewe siku moja akikusanya nguo za kufua.

"Baba Pacha, hiki ni nini?"

"Mkanda."

"Naona ni mkanda. Wa kochi gani?"

Fundi alikohoa. Aliangalia juu, akaangalia chini.

"Mbona una jasho?" mkewe aliuliza. "Mume wangu, umejifunga kama kochi? Kuna nini?"

Ilibidi aseme. Mama Pacha hakucheka wala hakugomba. Alimshika mkono siku hiyo hiyo wakaenda zahanati.

Tabibu wa zahanati alimpima, kisha akawaeleza wote wawili.

"Hii ni ngiri. Ukuta wa tumbo umelegea mahali pamoja. Ukinyanyua kitu kizito, utumbo unasukumwa nje kupitia hapo."

"Nipe vidonge, daktari," Fundi alisema.

"Ngiri haina vidonge. Inatibiwa kwa upasuaji. Si upasuaji mkubwa, na watu wengi hupona vizuri. Huo mkanda wako hautibu kitu."

"Na nikingoja kwanza?"

Tabibu alimtazama. "Ukingoja, siku moja utumbo unaweza kunaswa nje ukakataa kurudi. Uvimbe utakuwa mgumu, utauma sana, utaanza kutapika. Ikitokea hivyo, usilale ukisubiri kuche. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Watu wanakufa kwa jambo hili."

Aliwaandikia barua ya rufaa waende hospitali kubwa. Huko Fundi aliuliza bei ya upasuaji mara mbili, akidhani amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya.

Walirudi nyumbani. "Nitaweka akiba kidogo kidogo," Fundi alisema. Mkewe aliijua pesa yao. Ikiingia asubuhi, jioni imeshaondoka.

Siku chache baadaye, mhudumu wa afya wa mtaa alipita. Watu walimwita Dada Mwavuli, kwa sababu hakuachana na mwavuli wake, iwe jua au mvua. Alimkuta Mama Pacha akifua kwa hasira.

"Mama Pacha, hilo shati limekukosea nini?"

"Si shati, dada. Ni mwenye shati."

Akamweleza yote, mkanda, ngiri, hospitali na bei. Ndani ya nyumba, Fundi alisikia kila neno akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Shemeji!" Dada Mwavuli aliita. "Toka tu huko. Nimeshasikia."

Fundi alitoka, macho chini.

"Kuna bima ya afya ya serikali kwa kaya zenye kipato kidogo," Dada Mwavuli alisema. "Ukikubaliwa, serikali inalipia matibabu yenu. Umewahi kuisikia?"

"Niliisikia redioni. Hiyo ni ya watu wasio na kazi. Mimi nina kazi. Mimi ni fundi."

"Nani kakwambia ni ya wasio na kazi? Ni ya watu ambao wanachopata hakitoshi. Mwenye kibarua yumo, mwenye kigenge yumo, na fundi yumo. Wanaangalia kaya nzima, yaani nyinyi mnaokula chungu kimoja. Mko wangapi? Mnaingiza nini? Mnalipa kodi ya nyumba? Kuna mgonjwa?"

"Bado ni kuombaomba tu," Fundi alisema.

"Shemeji, unanunua sabuni?"

"Nanunua."

"Na misumari?"

"Kila wiki."

"Basi ndani ya bei hiyo kuna kodi ya serikali. Umechangia miaka yote hiyo. Leo unaumwa, unaona haya kutumia kitu ulichokichangia?"

Fundi alijifanya anatafuta nyundo, ingawa nyundo ilikuwa mkononi mwake. Mama Pacha alifuta povu mikononi.

"Tunaanzia wapi, dada?"

"Ofisi ya ustawi wa jamii. Nendeni na vitambulisho vyenu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya uongozi wa mtaa inayoonyesha mnaishi hapa. Fomu ni bure. Mtu akitaka hela ya fomu, au ya kuharakisha mambo, huyo ni tapeli. Mkataeni, mje mniambie. Mkishaikabidhi fomu, msiondoke bila karatasi yenye namba ya ombi lenu. Halafu afisa atakuja hapa kuona hali ya nyumbani. Akija, mwambieni mambo yalivyo. Msipunguze, msiongeze."

Walifanya hivyo. Cheti cha pacha mmoja kilikuwa kimetafunwa pembeni na panya, lakini kilisomeka. Fomu aliijaza Mama Pacha, maana mwandiko wa Fundi ulisomwa na Fundi peke yake. Walipewa namba ya ombi, wakarudi nyumbani na matumaini.

Baada ya muda ujumbe ukaingia kwenye simu. Afisa atawatembelea Jumanne.

Hapo ndipo Fundi alipokosea. Yeye alisoma neno "atawatembelea", akawaza mgeni. Na katika nyumba ya Fundi mgeni hapokelewi hivi hivi. Jumanne aliamka mapema. Alilivuta katikati kochi zuri kuliko yote, la rangi ya hudhurungi, mali ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mengine aliyapanga kulizunguka. Alifuta vumbi, akatoa nailoni zilizoyafunika, akavaa koti lake la harusi.

"Baba Pacha," mkewe alisema, "huyu haji harusini."

"Mgeni ni mgeni. Serikali inakuja nyumbani kwangu, niikalishe kwenye ndoo?"

Mama Pacha alitaka kusema zaidi, lakini mlangoni sauti ilikuwa tayari inaita hodi.

"Karibu! Karibu sana ndani!" Fundi alijibu.

Afisa alikuwa kijana mrefu mwenye miwani na begi begani. Alikaa kwenye kochi la hudhurungi, akadidimia taratibu. Kwa muda kidogo alionekana kusahau kilichomleta.

"Makochi mazuri haya," alisema.

"Kazi ya mikono yangu," Fundi alijibu, kifua mbele. Ilikuwa kweli. Ila ilikuwa nusu ya kweli.

"Habari za hapa?"

"Nzuri sana."

"Na kazi je?"

"Inakwenda vizuri, tunashukuru."

"Watoto wanapata chakula?"

"Hawalali njaa, bwana." Juzi yake tu walikuwa wamelala na chai kavu.

"Kuna mgonjwa katika familia?"

Fundi aliusikia mkanda ukimbana kiunoni. Alimtazama yule kijana, mdogo kwake kwa miaka mingi. Aanze vipi kumweleza habari za kinena? Na mapacha wanachungulia pale kwenye pazia?

"Tuko wazima," alisema. "Labda mafua ya hapa na pale."

Nyuma ya pazia, Mama Pacha aliuma kidole. Alitaka kutoka aseme ukweli. Lakini kumkosoa mumewe mbele ya mgeni lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akabaki amesimama na birika mkononi, na baadaye alijilaumu sana.

Afisa aliandika, akanywa chai, akashukuru, akaenda zake.

"Umeona?" Fundi alisema, akivua koti. "Ameridhika."

"Ameridhika, ndiyo," mkewe alijibu. "Hicho ndicho ninachokiogopa."

Majibu yalikuja kwa simu. Ombi halikukubaliwa, kwa kuwa kaya inaonekana kuwa na uwezo.

"Uwezo!" Fundi alifoka. "Uwezo upi? Nilisema mimi. Vitu hivi wanapeana wenyewe kwa wenyewe."

Mama Pacha alikaa kwenye mkono wa kochi la mteja, kitu ambacho hakukifanya kamwe.

"Baba Pacha, wewe ndiye uliyewaambia tuna uwezo. Ulimkalisha mtu kwenye kochi la tajiri. Ukamwambia kazi inakwenda, hakuna mgonjwa, watoto wanashiba. Ulitaka aandike nini? Na mimi nilikaa kimya nyuma ya pazia kama sina mdomo. Tumejikataa wenyewe."

Fundi alikunja uso, akatoka nje kugonga misumari. Aligonga sana siku hiyo.

Wiki hiyo hiyo, akiwa peke yake, alinyanyua kochi la watu watatu. Kitu kikamkata kinena. Alilala chali haraka kama kawaida yake, akasubiri uvimbe urudi. Haukurudi. Aliubonyeza polepole. Ulikuwa umekaza. Kijasho chembamba kikamtoka. Nje alisikia mapacha wakibishana nani ana zamu ya kuteka maji, na wazo likamjia kwamba huenda akafa hapo hapo, juu ya kochi la mtu, na wale watoto wasijue hata alikuwa anaumwa nini.

Hatimaye uvimbe uliteleza ukarudi ndani. Mama Pacha aliporudi kutoka sokoni, alimkuta bado amelala pale pale.

"Naogopa," Fundi alimwambia.

Katika miaka yote ya ndoa yao, Mama Pacha hakuwahi kulisikia neno hilo kwa mumewe. Aliweka kikapu chini, akakaa karibu naye.

"Naogopa kufa. Naogopa kuwaacha nyinyi na makochi ya watu."

"Mimi pia naogopa," mkewe alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini afadhali tunaogopa pamoja. Jana nilikuwa naogopa peke yangu."

Walimwita Dada Mwavuli. Kwanza aliuliza habari za uvimbe. Umerudi ndani? Ametapika? Unauma sasa? Aliposikia umerudi na maumivu yamekwisha, alishusha pumzi.

"Siku nyingine usiubonyeze mwenyewe, shemeji. Ukikataa kurudi, ni hospitali moja kwa moja, bima au hakuna bima. Mwenye hali ya hatari hupokelewa kwanza, mengine baadaye. Haya, sasa niambieni. Mlikataliwaje?"

Mama Pacha alimsimulia habari za Jumanne. Alipofika kwenye koti la harusi, Dada Mwavuli alicheka hadi mwavuli ukamwanguka.

"Shemeji, wewe ulitaka kufa na tai shingoni!"

Fundi naye alicheka, taratibu, mkono kwenye kinena.

"Sasa nisikilizeni," Dada Mwavuli alisema, akifuta macho. "Kukataliwa si mwisho. Mna haki ya kuomba ombi lenu liangaliwe upya. Nionyesheni huo ujumbe. Mliusoma mpaka chini?"

Hawakuwa wameusoma mpaka chini. Hasira iliwafanya waishie katikati. Chini kabisa iliandikwa kwamba asiyeridhika aende ofisini ndani ya mwezi mmoja.

"Muda bado mnao. Nendeni na ile barua ya rufaa ya zahanati. Kwenye kila kochi bandikeni jina la mwenyewe na namba yake ya simu, ili afisa akitaka kuuliza aulize. Mkiulizwa mapato, semeni mwezi mzuri mnapata nini, na mwezi mbaya mnapata nini. Msitaje mwezi mzuri peke yake. Na wewe, shemeji, useme mwenyewe kwa mdomo wako kwamba unaumwa. Mtu akikuuliza habari njiani, hiyo ni salamu, jibu nzuri. Afisa akikuuliza, si salamu. Anataka kujua."

Kesho yake walikwenda. Benchi la ofisini lilikuwa limejaa. Palikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa fimbo, na kijana mwenye mguu uliofungwa bandeji. Fundi aliwatazama akashangaa. Siku zote alidhani ni yeye peke yake. Zamu yao ilipofika, wakamkuta mezani yule yule kijana wa miwani.

"Habari za siku nyingi, Fundi?"

"Nzuri," Fundi alijibu. Akajisikia mwenyewe. Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Hiyo nzuri ni ya salamu," Fundi alisema haraka. "Sasa nikupe habari zenyewe. Naumwa. Nina ngiri hapa kwenye kinena. Barua ya daktari hii hapa. Nikinyanyua kochi utumbo unatoka nje, na juzi nusura ukatae kurudi. Kazi haiendi. Mvua zikinyesha wateja hawaji, tunakaa hata wiki mbili bila kitu."

"Mwezi mzima," Mama Pacha alisema. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Mara ya mwisho ilikuwa mwezi mzima. Wiki mbili anatia staha."

Fundi alimgeukia. Mkewe alikuwa amemkosoa mbele ya watu, na nyumba haikuanguka.

"Mwezi mzima," alikubali. "Na yale makochi si yangu. Ni ya wateja. Ningekuwa na moja kama lile la hudhurungi, ningekuwa nimeliuza nikatibiwa."

Afisa alivua miwani. "Mbona siku ile hukuniambia haya?"

"Ulikuwa mgeni wangu. Mgeni haelezwi shida kabla hajamaliza chai. Na baada ya chai nikaona haya."

Kijana alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Nilipaswa kuuliza makochi ni ya nani. Nilipaswa kuomba kuona nyuma ya pazia. Nilikaa pale nikastarehe, nikaandika nilichokiona. Nitakuja tena."

Alikuja. Safari hii Fundi alivaa shati la kazi, na kochi la hudhurungi lilikuwa na karatasi yenye jina la mwenyewe. Afisa alichagua kukaa kwenye kigoda. Mama Pacha alilifungua pazia kwa mkono wake. Afisa aliona godoro moja la watu wanne, ndoo iliyokinga maji, maana upande huo nao bati lilivuja, na nguo zilizotundikwa msumarini. Aliuliza mengi. Wakajibu yote. Alipotaka kujua walikula nini jana, mapacha walijibu kabla ya wazazi, na hakuna aliyewanyamazisha.

Ujumbe wa pili ulipoingia, Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Aliitema yote. Alisoma ujumbe mpaka chini kabisa, kisha akamwita mkewe kwa sauti kubwa hata majirani wawili wakatoka nje kuona kuna nini.

Wamekubaliwa, wote wanne.

Walikwenda kupigwa picha na kuandikishwa. Karani aliwaambia wasimpe mtu mwingine kadi zao azitumie. Aliwaambia bima inahakikiwa upya kila mwaka, na kwamba mambo yakibadilika nyumbani, akizaliwa mtoto au kipato kikipanda, waje waseme. "Tutasema," Fundi alimwambia. "Siku hizi sisi tunasema."

Upasuaji ulifanyika asubuhi moja, na mchana Fundi alikuwa macho. Daktari mpasuaji alipopita kumwona, Fundi alikuwa na swali moja.

"Daktari, umeshona kwa mshono gani?"

"Wa ndani. Hauonekani kwa nje. Na pale palipolegea nimeweka kiraka cha wavu."

Fundi akaitikia kwa kichwa. "Ndivyo inavyotakiwa. Palipolegea ukishona bila kiraka, patafumuka tena."

"Basi tumeelewana, fundi mwenzangu," daktari alisema. "Sasa pumzika. Usinyanyue kitu kizito mpaka nikuruhusu."

Hilo la kutonyanyua lilimpa taabu kuliko kisu chenyewe. Mama Pacha alimlinda kama askari wa lindo. Fundi alishona mito na kukata vitambaa akiwa amekaa, na wateja waliofika kuchukua makochi yao waliyabeba wenyewe. Mmoja wa mapacha alipata homa, akapelekwa zahanati siku ile ile homa ilipoanza. Zamani wangemsubiri hadi wapate hela. Siku hiyo mama yake alitoa kadi tu, akarudi na dawa. Usiku ule Mama Pacha alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miaka.

Siku moja mchomeleaji wa mtaa wa pili alileta miguu ya chuma ya kochi. Alikuwa mtu wa miraba minne, mcheshi, anayejulikana kwa kubeba geti la chuma peke yake begani. Aliiweka miguu chini, akalipwa, akaaga. Lakini hakuondoka. Alishika kochi moja, akalitikisa, akalisifu. Alisimama mlangoni, akaangalia nje, akarudi.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "nasikia ulipasuliwa."

"Nilipasuliwa. Ngiri."

Mchomeleaji alishtuka kulisikia neno hilo likitajwa wazi hivyo, mchana kweupe.

"Iliuma?"

"Kisu hakikuuma. Kuficha ndiko kulikoniuma."

Yule mtu mkubwa alikishika kiuno chake, akakiachia haraka.

"Mimi sina kitu," alisema. "Nilikuwa nauliza tu. Niko mzima kabisa. Kazi inakwenda."

Fundi aliweka sindano chini. Aliyajua maneno yale. Alikuwa ameyasema mwenyewe kwa miaka mingi, kwa sauti ile ile.

"Kaa, ndugu yangu," alisema. "Nani mwingine anajua?"

Mchomeleaji alikaa. Mabega yake makubwa yalishuka.

"Hakuna. Hata mama watoto hajui."

"Basi tutaanza na yeye," Fundi alisema. "Halafu zahanati wakupime. Halafu nitakupeleka mwenyewe kule ofisini. Kitambulisho unacho?"

"Ninacho."